Plan 9 Ndani ya Mashine Pepe: Kwa Nini Tusome Mfumo Endeshi Usio na Soko



Wengi walitarajia nizungumzie akili mnemba, maana siku hizi ndiyo iko midomoni mwa kila mtu. Nimechagua kitu ambacho hakimo midomoni mwa yeyote. Ni mfumo endeshi ambao hauna kivinjari cha kutegemewa, hauhariri hati za Word, na hakuna mwajiri atakayekuuliza kwenye usaili kama unaujua. Unaitwa Plan 9. Ulitengenezwa kuanzia miaka ya 1980 katika maabara ya Bell Labs, Murray Hill, jimbo la New Jersey, kwenye idara ileile iliyouzaa Unix. Ken Thompson alikuwemo, pamoja na Rob Pike, Dave Presotto na wengine. Jina walilitoa kwenye filamu ya Ed Wood ambayo wapenzi wa sinema huitaja miongoni mwa filamu mbovu kuliko zote, jambo linalowapa picha ya aina ya watu tunaowazungumzia.

Hoja yangu ni hii. Mwanafunzi aliyekulia ndani ya mfumo mmoja hawezi kutofautisha kilichomo kwa sababu hakuna njia nyingine na kilichomo kwa sababu mtu fulani aliamua hivyo. Atadhani vyote ni maumbile. Dawa yake ni mfumo wa pili, ulio tofauti kwelikweli, na mashine pepe imeishusha gharama ya dawa hiyo hadi karibu na bure.

Tuanze na mashine pepe yenyewe. Mfumo endeshi umezoea kuwa bwana: ndio unaoamua programu ipi ipewe prosesa, ipi isubiri, ipi iandike kwenye diski. Mashine pepe humweka bwana huyo chini ya msimamizi bila kumwarifu. Kila anapotoa amri ya kibwana, prosesa humsimamisha na kumwita msimamizi. Msimamizi hutazama kilichotakiwa, hukiigiza, kisha humrudisha mgeni wake, yaani mfumo huo, kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. IBM walikuwa wakifanya hivyo Cambridge, Massachusetts, mwaka 1967, na mwaka 1972 wakaitangaza sokoni kwa jina la VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika kwa mizani ya hisabati masharti ambayo prosesa lazima iyatimize ili jambo hili liwezekane. Kiini chake ni kwamba amri yoyote inayobadilisha au kufichua hali ya mashine, ikitolewa na asiye na mamlaka, lazima isimamishwe na msimamizi aitwe.

Kompyuta zilizojaa majumbani na maofisini hazikutimiza sharti hilo. Mwaka 2000 John Robin na Cynthia Irvine waliichambua Pentium ya Intel wakakuta amri 17 zinazolivunja. Mojawapo ni POPF. Programu isiyo na mamlaka ikijaribu kuitumia kuzima mikatizo, prosesa haikatai wala haimwiti mtu. Inapuuza tu na kusonga mbele. Msimamizi hapati habari, na mgeni anaendelea akiamini kwamba amezima asichokizima. VMware waliliruka shimo hilo mwaka 1999 kwa kuusoma msimbo wa mgeni kabla haujaendeshwa na kuziondoa amri korofi papo hapo. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa kazi za uhandisi za kijasiri zaidi katika fani yetu. Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakaingiza msaada wa mashine pepe kwenye prosesa zenyewe, na mwaka 2007 kiini cha Linux kikapokea KVM, sehemu inayoutumia msaada huo. Ukiiunganisha na QEMU, programu aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, unapata chumba kizima cha kompyuta ndani ya laptop, bila kulipa hata senti.

Kuna faida ya mashine pepe ambayo vitabu vya kiada huipita haraka, nayo ndiyo inayotuhusu leo. Mfumo usio na watu wengi haufi kwa kukosa mawazo. Hufa kwa kukosa viendeshi, yaani programu za kuvitumikisha vifaa. Kila mwaka viwanda hutoa kadi mpya za mtandao, za picha, za Wi-Fi, na kila moja hudai mtu akae wiki nzima aiandikie kiendeshi. Windows ina watu hao, na Linux inao. Mfumo wenye wapenzi mia chache hauna. QEMU humpa mgeni vifaa vilevile kila siku: kadi ya mtandao ya Intel ya zamani ambayo kila mtu ameshaiandikia kiendeshi, diski ya kawaida, skrini isiyo na makuu. Laptop yako inaweza kuwa ya kiwanda chochote, mgeni hatajua. Plan 9 bado inawaka leo kwa kiasi kikubwa kutokana na hilo.

Na ikiwaka, inawaka kwa sekunde chache. Unakutana na skrini ya kijivu. Hakuna aikoni, hakuna menyu ya kuanzia, hakuna saa pembeni. Unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, unachagua New, kisha unachora mstatili mahali unapotaka dirisha likae. Kama umezoea Ctrl-C ya kusimamisha programu, hapa haifanyi kazi. Ni kitufe cha Delete. Maandishi yakijaa dirisha hayapandi yenyewe, yanakusubiri uyasome. Mausi inatakiwa iwe na vitufe vitatu, na mwenye viwili hushikilia Shift pamoja na cha kulia. Wanafunzi hukasirika katika nusu saa ya kwanza. Hasira hiyo ina faida, kwa sababu kila kinachomuudhi mtu hapo ni desturi ambayo hakujua kuwa ni desturi.

Tuingie sasa kwenye kiini. Unix ilisema vitu vingi ni faili, kisha ikaja kuvunja ahadi ilipofika kwenye mtandao na madirisha. Plan 9 haikuivunja. Ukitaka kuzungumza na kompyuta nyingine kwa TCP, unafungua faili /net/tcp/clone. Ukilisoma linakupa namba, na namba hiyo ni folda ya muunganisho wako. Kwenye faili ctl la folda hiyo unaandika neno connect pamoja na anwani, kisha unasoma na kuandika kwenye faili data. Basi. Mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa amri za kawaida za maandishi, bila kujifunza lugha ya C. Picha ya skrini? Unasoma /dev/screen. Na faili zote hizi huhudumiwa kwa itifaki moja, 9P, ambayo haijali kama mhudumu yuko ndani ya mashine hii au ng'ambo ya bahari. Ukiichukua folda /net ya mashine nyingine na kuiweka juu ya ya kwako, programu zako zote zitatoka kwenye intaneti kupitia mashine ile. Tunachokiita VPN, ambacho watu hukilipia kila mwezi, hapa ni amri moja.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika Plan 9 kila mchakato una mpangilio wake wa majina ya faili. Jina /dev/mouse katika dirisha hili si lile la dirisha jirani. Programu inayosimamia madirisha, iitwayo rio, humpa kila mkaazi wake mausi yake, kibodi yake na skrini yake, vyote vikiwa faili. Kwa sababu hiyo unaweza kuendesha rio ndani ya dirisha la rio, na ndani yake nyingine tena, na ya ndani haihitaji kujua kwamba haiko juu ya kompyuta halisi.

Hapo ndipo mgeni na nyumba aliyofikia vinapofanana. Mashine pepe humdanganya mgeni kuhusu vifaa: prosesa, diski, kadi. Gharama yake ni kubwa, kwa sababu kila mgeni huja na kiini chake na hudai mgao wake wa RAM. Plan 9 huidanganya programu kuhusu majina tu, kwa gharama ndogo mno. Mwanafunzi anayeendesha Plan 9 ndani ya mashine pepe anaona tabaka zote mbili za udanganyifu kwa wakati mmoja, na anaweza kuuliza swali ambalo sijaona kitabu cha kiada kikiliuliza vizuri: ukitaka kuitenga programu isiharibu vingine, unahitaji kuidanganya kiasi gani?

Swali hilo lilikuja kujibiwa sokoni. Mwaka 2002 Linux iliiga wazo hili na kuruhusu mchakato uwe na mpangilio wake wa faili, kisha ikaongeza aina nyingine za utengano, na mwaka 2013 Docker, inayofunga programu ndani ya kontena, ikatokea juu ya msingi huo. Vijana wanaotafuta kazi ya kusimamia kontena wanafanya kazi na mjukuu wa Plan 9. Hawajaambiwa tu.

Urithi haukuishia hapo. Mnataka kushirikisha folda kati ya QEMU na mgeni wake? Njia mojawapo iliyomo ndani ya QEMU yenyewe hutumia 9P. Windows nayo tangu 2019 hutumia 9P kufikia faili za Linux iliyomo ndani yake. Lugha ya Go, iliyotangazwa 2009, ina mkono wa Pike na Thompson, na vikusanyaji vyake vya kwanza vilitokana na vile vya Plan 9.

Kisha kuna UTF-8. Septemba 1992 Thompson na Pike walikaa mezani kwenye mgahawa mmoja wa New Jersey, na Thompson akaibuni namna hii ya kuandika herufi za lugha zote duniani kwenye kikaratasi cha kutandika mezani. Ndani ya siku chache Plan 9 yote ilikuwa ikiitumia, mbele ya mfumo mwingine wowote. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakikupata shida wala faida kubwa, kwani hutosheka na herufi za ASCII, baiti moja kwa kila herufi. Lakini Kiswahili tulichokiandika kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, zikiwemo پ na چ na ڤ zinazobeba sauti ambazo Kiarabu hakina, hukaa vizuri ndani ya UTF-8 kwa baiti mbili kila herufi. Kurasa za tenzi zinazowekwa leo kwenye hifadhi za kidijitali zinapita kwenye njia iliyochongwa kwa ajili ya mfumo huu. Kwa kejeli ya historia, Plan 9 yenyewe haikushughulikia uandishi wa kutoka kulia kwenda kushoto wala kuunganisha herufi za Kiarabu: itazihifadhi sawasawa, na kuzionyesha vibaya.

Sitaki mnione mhubiri. Mfumo huu una kasoro ambazo wapenzi wake huziita maadili. Kutegemea mausi kwa kila kitu kunamfungia nje mtu mwenye ulemavu wa mikono au wa macho, na sijaona jibu la kuridhisha. Kukataa kwake teknolojia za wavuti za leo kunaufanya usifae kwa kazi za kila siku. Na haukushindwa kwa njama: ulipotoka kwa vyuo mwaka 1992, kwa umma mwaka 1995, na hatimaye kwa leseni huria mwaka 2000, Unix na ndugu zake walikuwa tayari wanatosha. Kinachotosha hukishinda kilicho bora karibu kila mara, na wahandisi wachanga afadhali walijue hilo mapema.

Ila fikirieni maabara yenyewe ilivyokuwa. Plan 9 haikubuniwa kwa kompyuta moja. Ilitaka mashine nyepesi juu ya kila meza, mashine zenye nguvu kwenye chumba maalumu, na seva ya faili iliyokuwa ikitunza nakala ya kila siku kwenye diski za mwanga, hata ukaweza kwenda kusoma faili lako kama lilivyokuwa tarehe yoyote iliyopita. Mwaka 1992 ni vyuo vichache duniani vilivyoweza kununua hayo yote. Leo mashine pepe tatu, kila moja ikiwa na megabaiti 512 za RAM, zinaijenga maabara ile ndani ya laptop ya mwanafunzi yenye RAM ya gigabaiti 4, na bado nafasi inabaki.

Kwa hiyo ninaziomba idara za kompyuta, hapa na kwingine, zitenge sehemu ya maabara ya somo la mifumo endeshi kwa kazi hii. Tumieni 9front, tawi lililoanzishwa 2011 ambalo bado lina watunzaji. Pakueni nakala moja tu na kuiweka kwenye seva ya ndani ya chuo ili wanafunzi wasimalize bando zao. Hakikisheni msaada wa mashine pepe umewashwa kwenye BIOS, maana kompyuta nyingi huja ukiwa umezimwa, na bila huo QEMU hutambaa na mwanafunzi atalaumu mfumo usio na hatia. Zoezi la kwanza liwe kuungana na seva kupitia /net kwa mkono. La pili liwe kufungua rio ndani ya rio na kueleza, kwa Kiswahili, kilichotokea.

Fedha hazihitajiki, wala ruhusa. Nokia, waliorithi Bell Labs, waliukabidhi msimbo kwa Plan 9 Foundation mwezi Machi 2021, na tangu hapo unatolewa kwa leseni ya MIT.