Chuo Kikuu cha Sokoine: Ndani Yake Mna Nini?

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo



Mlituomba tuje tuzungumze juu ya chuo kikuu. Neno hilo mnalisikia redioni kila siku. Baadhi yenu mna watoto walio Kidato cha Nne, na watoto hao watajaza fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tano. Fomu hiyo ni karatasi ndogo tu, lakini uzito wake ni mkubwa. Tutaifikia.

Vyuo vikuu ni vingi siku hizi. Tukivitaja vyote tutakesha hapa. Basi leo tuchukue kimoja, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Watu wengi hukiita SUA. Tumekichagua kwa sababu kazi yake ni jembe, ng'ombe, msitu na maji, mambo ambayo ninyi mnayajua kuliko sisi. Tena ni chuo cha umma. Maana yake ni kwamba ni mali ya Watanzania wote. Hata wewe unayelipa kodi ukinunua kipande cha sabuni, una fungu lako pale.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1965 palikuwa na chuo cha kilimo pale Morogoro, kikitoa stashahada. Baada ya miaka michache kikawa kitivo cha kilimo, yaani tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililofundisha kilimo. Baadaye yakaongezwa masomo ya misitu na ya tiba ya mifugo. Tarehe 1 Julai 1984 tawi hilo likasimama lenyewe, likawa chuo kikuu kamili. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wetu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huohuo, pale Dakawa, si mbali na Morogoro. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka siku ile.

Sasa tuingie ndani. Chuo kikuu kimegawanyika katika ndaki. Msiogope neno hilo. Kijiji kina vitongoji, na kila kitongoji kina nyumba zake. Vivyo hivyo chuo kikuu kina ndaki, na ndani ya kila ndaki mna idara. Mwanafunzi hasomi "chuo kikuu" kwa jumla. Anaingia katika ndaki moja, anasoma programu moja, na mwisho wake anapewa shahada ya programu hiyo. Shahada ndiyo hati inayosema kwamba mtu huyu amehitimu elimu fulani ya chuo kikuu. Iko ya kwanza, kisha ya uzamili, kisha ya uzamivu. Huyo wa uzamivu ndiye mnayemsikia akiitwa daktari ingawa hachomi mtu sindano.

Ndaki ya kilimo ni kongwe. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ya neno tulilolisikia hapa kijijini. Mzee mmoja alituambia, "Mimi nimelima miaka arobaini. Mtoto wangu aende chuo kikuu kufundishwa kushika jembe?" Watu walicheka, lakini swali lake ni swali zuri. Jibu ni hili. Yako masomo ya kilimo kwa jumla, na yako pia ya mazao peke yake, ya bustani za mboga na matunda, ya ufugaji, ya samaki wa bwawani, ya kusindika vyakula, na ya lishe ya binadamu. Kila moja ni programu yake yenye shahada yake. Anayesoma lishe si yule anayesoma samaki.

Na kazi yao mmeila. Watafiti wa SUA wametoa mbegu za maharage, na nyingine zinaitwa SUA 90, Rojo, Mshindi na Pesa. Mbegu ya namna hiyo haipatikani kwa mwaka mmoja. Mtafiti huchukua mmea unaozaa sana na mmea unaostahimili ugonjwa, akavichanganya, akapanda, akachagua, akapanda tena. Miaka hupita. Mzee wetu ameshika jembe miaka arobaini, nasi tunampa heshima yake. Lakini maharage yake yakinyauka kwa ugonjwa, yuko mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kwa nini.

Ndaki nyingine ni ya tiba ya wanyama. Masomo yake ni marefu, miaka 5, wakati programu nyingi za pale ni miaka 3. Msishangae. Daktari wa watu anamtibu kiumbe mmoja. Wa mifugo anatakiwa amjue ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, mbwa na punda, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kumwambia panapouma. Tena magonjwa kama kimeta na kichaa cha mbwa hutoka kwa mnyama yakamwingia mtu. Pale chuoni ipo hospitali ya wanyama, ambako wanafunzi hujifunza kwa vitendo.

Iko ndaki ya misitu, wanyamapori na utalii. Iko ya uchumi na biashara, kwa wale watakaojifunza masoko ya mazao. Hiyo sisi tunaiona ni ya maana kuliko watu wanavyodhani, kwani kulima tunajua, kuuza ndiko tunakopunjwa. Iko ya sayansi za jamii, yenye masomo ya maendeleo vijijini. Wahandisi nao wapo, wa umwagiliaji na wa zana za kilimo, na hao husoma miaka 4. Walimu wa sayansi pia hufundishwa hapo.

Baadhi ya masomo hayo hutolewa Mazimbu, mjini Morogoro hapohapo. Mahali pale pana jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Afrika Kusini aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga shule yao hapo, na mwaka 1992 wakaikabidhi kwa nchi yetu. Vilevile SUA ina tawi mkoani Katavi.

Tusisahau panya. Ndiyo, panya! Pale SUA kuna watu wanaochunguza panya waharibifu wa mashambani na ghalani. Kuna pia shirika linaloitwa APOPO, linaloshirikiana na chuo hicho tangu mwaka 2000, ambalo hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya ni mwepesi, akipita juu ya bomu halilipuki. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, wakafika mpaka Kambodia. Mmoja, jina lake Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020. Wengine hunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mnyama tunayemtegea kila usiku, wenzetu wamempa ajira.

Haya, sasa ile fomu.

Kila programu ina mlango wake, na mlango hufunguliwa na masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita. Kijana anayetaka kuwa daktari wa mifugo sharti awe amesoma Biolojia na Kemia. Mama mmoja wa kisomo alitujia na cheti cha mwanawe. Kijana amefaulu vizuri sana, lakini masomo yake ni Historia, Jiografia na Kiswahili. Anataka kutibu ng'ombe. Tangu utoto wake ndiye aliyekuwa akichunga. Tulisoma masharti pamoja, mama akiweka kidole chake chini ya kila neno, mpaka tukafika penye Biolojia. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hakuna aliyemwambia?" Fomu alijaza peke yake, akifuata marafiki. Bado ziko programu nyingine zinazomfaa, na tumezitafuta pamoja naye. Lakini ile aliyoitaka, kwa cheti hicho, haiwezekani.

Basi kabla mtoto hajajaza, mwite. Mwulize, "Unataka kufanya kazi gani?" Kisha nendeni kwa mwalimu wake mkaulize kazi hiyo inadai masomo gani. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo kinachotaja kila chuo, kila programu na masharti yake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo sisi hatulifurahii, lakini mwalimu wa sekondari atawasomea. Msione haya kuuliza. Mtoto ni wenu, na chuo ni chenu.

Mmeuliza kama na ninyi mnaweza kwenda. Shahada inadai Kidato cha Sita au stashahada. Lakini SUA ina Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza, ambayo hutoa mafunzo mafupi kwa wakulima na wafugaji. Ipo pia Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, ambayo ina vijitabu vya Kiswahili vya wakulima. Mtu aliyehitimu kisomo hiki anaweza kuvisoma mwenyewe.

La mwisho ni fedha. Ng'ombe wa kuuza hawatatosha kwa miaka 3, wala hatuwashauri muuze wote. Serikali ina Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Ule ni mkopo, si sadaka. Kijana akianza kazi atakatwa mshahara mpaka ulipwe. Na si kila anayeomba hupata. Wengi hukwama kwa sababu ya karatasi. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi lazima alete cheti cha kifo. Inatakiwa pia mdhamini mwenye kitambulisho. Vitu hivyo havipatikani kwa siku moja, hasa jina la mtoto likiwa limeandikwa namna moja shuleni na namna nyingine zahanati.

Kwa hiyo kila mwenye mtoto sekondari na aje Jumatano na kalamu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama anacho, na karatasi yoyote ya shule yenye jina lake. Tutayasoma majina herufi kwa herufi. Asiye na cheti aje vilevile, tutaanza na fomu ya kukiomba.