Bwana ni Mlinzi wa Mkate

Katika Injili ya Dominika ya leo, sura ya 6 ya Yohane, Bwana wetu anajiita mkate wa uzima. Ili tuonje vema neno hilo, tulitazame neno moja la Kiingereza, "lord", ambalo kwa lugha yetu ni bwana.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Waingereza walilitamka "hlaford". Lilitokana na maneno mawili: "hlaf", yaani mkate, na "weard", yaani mlinzi. Bwana alikuwa mlinzi wa mkate. Bibi wa nyumba aliitwa "hlæfdige", mwenye kukanda mkate, na hapo ndipo lilipozaliwa neno "lady". Naye aliyewategemea aliitwa "hlafæta", mla mkate. Jina hili la mwisho limo katika sheria za Ethelbert, mfalme wa Kent, aliyepokea imani kwa wamisionari waliotumwa na Papa Gregori Mkuu, ambao walifika kwake mwaka 597. Baadaye matamshi yalifupika, mkate ukasahaulika, ikabaki heshima ya cheo tu.

Ndugu wapendwa, hatari hiyo ni yetu pia. Twapenda kuitwa bwana wa nyumba, mkubwa wa kazi, mwenyekiti wa kigango. Lakini je, anayetutegemea amekula? Baba anayemaliza mshahara kilabuni huku watoto wakilala njaa amebakiwa na jina lisilo na mkate. Mama anayemlisha msichana wa kazi makombo na kumcheleweshea ujira wake, naye vivyo hivyo. Ubwana ni kulinda chakula cha wengine, wala si haki ya kutangulia kula.

Kristo amekwenda mbali zaidi. Mabwana wa kale waliulinda mkate na kuugawa. Yeye amejifanya mwenyewe kuwa mkate, akajitoa ili tumle. Nasi tunaoikaribia meza yake tu wala mkate sote, tajiri na mtumishi, na hakuna anayepewa makombo.

Basi juma hili, kabla ya kunyosha mkono kwenye sahani, kila mmoja wetu atazame ni nani nyumbani mwake ambaye bado hajala. Huyo na aanze.

Bwana awe nanyi nyote. Amina.