Tumkumbuke Ali, yule aliyerudi

Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha wanachama, Kindu, Juni 2016



Tangu tarehe 3 Juni, siku Muhammad Ali alipofariki kule Arizona akiwa na miaka 74, kila mahali nikipita, Kasuku, Mikelenge, ata ndani ya mtumbwi wa kuvuka kwenda Alunguli, habari ni yeye tu. Bapapa wamefufuka! Mmoja anasimulia jinsi walivyobanana kwenye redio moja mpaka jua likatoka. Wengine wanaapa kwamba walikuwa Kinshasa, uwanjani kabisa. Tukihesabu wote wanaoapa hivyo hapa Kindu, uwanja wa 20 Mai ungepasuka.

Lakini mama mmoja wa shirika letu aliniuliza: huyo Mmarekani tajiri anatuhusu nini, sisi tuliorudi na kukuta nyumba imebaki udongo? Swali lake linapita hadithi zote za bapapa. Njo maana nimeomba kusema leo.

Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini usiku ule tunaujua wote: 30 Oktoba 1974, Ali na George Foreman. Walipanda ulingoni karibu na alfajiri, ili Wamarekani waone kwa saa zao za jioni. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na Mobutu ndiye aliyetaka pambano lije Zaire. Tusijidanganye, sifa ilikwenda kwake. Ila mapenzi ya watu kwa Ali hayakununuliwa. Alikaa N'Sele, akikimbia asubuhi kando ya mto, watoto nyuma yake. (Yale maji yalikuwa yamepita kwanza hapa kwetu!) Foreman yeye alishuka na mbwa mkubwa, aina ya wale wa polisi wa Wabelgiji, na wazee walikuwa hawajawasahau. Basi akawa mgeni, ingawa ngozi yake ni kama ya Ali. Watu wakapaza sauti: Ali, boma ye! Ni Kilingala, mwue. Neno lile silipendi, sisi tumeona kuua kwa kutosha. Lakini ndilo walilosema.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 Ali alikataa kuingia jeshini kwenda vita vya Vietnam. Wakamnyang'anya ubingwa, wakamfungia ulingo, wakamhukumu miaka 5 ya jela, ingawa hakuitumikia kwa kuwa alikata rufaa. Miaka 3 na nusu hakupigana, toka umri wa miaka 25 mpaka 28, wakati mpiga ngumi anapovuna. Alirudi ulingoni Oktoba 1970, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta hukumu ile. Vizuri. Lakini ile miaka nani alimrudishia?

Aliporudi, miguu haikuwa ile. Machi 1971 Joe Frazier alimshinda. Mwaka 1973 Ken Norton alimshinda na kumvunja taya. Kama fomu yetu ya ufuatiliaji ingemfikia siku zile, tungeandika: mnufaika ameshindwa.

Kinshasa alikuwa na miaka 32. Foreman alikuwa na 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja, na wale Frazier na Norton aliwamaliza kila mmoja ndani ya raundi 2. Watu walingoja Ali acheze kwa miguu kama zamani. Kumbe raundi ya 2 akaenda kuegemea kamba. Amefunika uso, anapigwa mikono, anapigwa mbavu, na huku anamchokoza mwenziwe kwa maneno. Watu wa kona yake walipiga kelele atoke pale. Hakutoka. Foreman akapiga mpaka mikono ikawa mizito. Mwisho wa raundi ya 8 Ali akatoka kwenye kamba, na mnajua yaliyobaki.

Bapapa wanapenda raundi ya 8. Mimi nawaomba mtazame ile ya 2 mpaka ya 7. Ali alijua hana tena miguu ya 1967, na hakujifanya anayo. Yule mama aliyeniuliza swali, shamba lake la zamani limekuwa pori, na mume aliyelifyeka hayupo. Anakodi kipande cha mpunga, anauza mawese kwa vikombe, zamu yake ya likelemba inalipa shule. Ukimtazama kutoka mbali utasema anapigwa tu.

Hapa naongea na wafadhili, kwa heshima. Tunagawa turubai, jembe na mbegu, kisha baada ya miezi 3 tunarudi na fomu: amejitegemea, ndiyo ao hapana? Toka Oktoba 1970 mpaka Oktoba 1974 ni miaka 4, na huyo alikuwa Ali, mwenye waganga na walimu wa mazoezi. Tunaomba mradi ujao uhesabu misimu ya mpunga. Mtu akila mavuno ya kwanza yote kwa sababu batoto walikuwa na njaa, asiondolewe kwenye orodha ya msimu wa pili.

Jambo moja sitalificha: Ali mwenyewe hakujua kuacha. Alipigana mpaka 1981, na tangu 1984 tukasikia ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996, mikono ikitetemeka mbele ya dunia yote.

Jumamosi, baada ya futari, tutaonyesha hapa filamu ya usiku ule, When We Were Kings. Nitatafsiri mimi. Jenereta ipo, petroli bado, kwa hiyo kila mmoja alete kidogo. Na bapapa wote walioapa kwamba walikuwa uwanjani, tafadhali mkae mbele: tutawatafuta kwenye picha.