Kaa Naye Kwanza

Katika maadhimisho haya tunamshukuru Mungu kwa watoto tuliowaweka wakfu madhabahuni, huku na ng'ambo ya mpaka. Lakini leo nataka niseme nawe juu ya wale ambao hatukuwahi kuwaleta: mimba iliyoharibika, na mtoto aliyezaliwa kimya.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilienda kumwona dada mmoja aliyerudi kutoka hospitali mikono mitupu. Nikaomba kwa sauti kubwa, kisha nikamwambia, "Usilie, Mungu atakupa mwingine." Hakujibu. Kanga yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Mtoto ameshazikwa, lakini mwili bado unamngoja. Baada ya hapo hakuonekana ibadani, nasi tukasema amerudi nyuma. Kumbe alikuwa anaogopa maneno yetu!

Soma Ayubu sura ya 2. Mtu yule alifiwa na watoto 10. Rafiki zake 3 walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, hawakusema neno. Hapo walifanya vizuri. Walipoanza kumtafutia dhambi ndipo walipoharibu, na sura ya 42 Mungu aliwakemea.

Kwa hiyo ukienda, kaa kwanza. Chota maji, pika uji, fua nguo. Kama mtoto alipewa jina, litaje unapoomba. Usiulize nani kamroga, wala alikosea wapi.

Na baba je? Tunampa mkono wa pole na kumwambia, "Jikaze, mtunze mkeo." Yakobo, baba wa makabila 12, alimlilia Yusufu siku nyingi akakataa kufarijiwa. Mwache baba naye alie.

Ukiona wiki zinapita, mama au baba halali, hali, anajilaumu, anakimbia watu, ongozana naye mpaka kituo cha afya. Sonona ni ugonjwa na inatibika. Si upungufu wa imani. Akisema heri amfuate mtoto, usisubiri wiki. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo. Maombi na dawa havigombani.

Nilirudi kwa dada yule pamoja na mke wangu, nikaomba msamaha. Safari hii tulikaa tu. Jua lilipokaribia kuzama, akatuambia jina la mtoto wake.

Mpendwa, kwenye kundi lako la maombi yupo mwenye jina kama hilo moyoni. Nenda ukakae naye. Mungu akubariki. Amina.