Maumivu Yasiyoonekana

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka kwa niaba ya wanachama wenye ugonjwa wa selimundu na wazazi wao)



Sisi tunaosema ni wanachama wachache wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, pamoja na wazazi wa watoto walio nao. Hatukuja kutafuta huruma. Tumekuja kueleza jambo lisiloonekana kwa macho, na mwisho wa maneno yetu tutaleta ombi moja juu ya kanuni ya msaada.

Mtu aliyevunjika mguu hupishwa kiti. Mwenye bandeji kichwani huulizwa hali yake. Sisi hatuna bandeji wala mkongojo. Mtu hutukuta Jumapili tumevaa vizuri, twaimba kanisani, Jumanne asikia kwamba tumelala hatuwezi kunyanyuka, naye husema, "Juzi si alikuwa mzima?" Katika swali hilo huzaliwa majina: mvivu, mdekaji, mpenda dawa. Majina hayo tumeyasikia makazini, shuleni, na, twasema kwa heshima, hata katika chama hiki.

Kwa hiyo yafaa kwanza tueleze ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo na laini. Hupenya mishipa iliyo myembamba kabisa, nazo huishi siku 120 hivi. Chembe zetu, zikipungukiwa na oksijeni, hukakamaa na kujipinda mfano wa mundu. Nyingi hufa baada ya siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu damu yetu ni pungufu siku zote, na macho yetu mara nyingi huwa ya manjano. Zile zilizojipinda hukwama katika mishipa midogo na kuziba njia, na sehemu ya mwili iliyo mbele yake hukosa damu. Hapo ndipo maumivu huanza: mgongoni, kifuani, katika mifupa ya mikono na miguu. Huweza kudumu saa chache, au siku nyingi. Mtoto mdogo huweza kuvimba mikono na miguu. Kwa mtu mzima, mara nyingi ngozi haionyeshi kitu.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi, wala si laana. Hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wakiwa kila mmoja anao urithi huo upande mmoja tu, wao wenyewe kwa kawaida huwa wazima; lakini katika kila mimba ipo nafasi moja katika nne ya kuzaliwa mtoto mgonjwa. Twalitaja jambo hili makusudi, maana wapo mama miongoni mwetu waliorudishwa kwao kwa ajili ya watoto hawa, kana kwamba baba hakutoa sehemu yake.

Wala si ajabu ugonjwa huu kuwa kwetu, watu wa kando ya Ziwa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbali mbali za nchi, akaona urithi huu ni mwingi pwani na karibu na Ziwa, na ni haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba mwenye urithi wa upande mmoja hupata kinga juu ya malaria kali. Ndiyo kusema kwamba kitu kilichowaokoa babu zetu ndicho kinachotutesa sisi tuliokirithi pande zote mbili. Si aibu ya nyumba moja. Ni mzigo wa ukoo mzima, ingawa wabebaji ni wachache.

Sasa twaeleza siku zetu zilivyo. Tukiamka, kabla ya kuteremsha mguu kitandani, twajipima: leo viungo vyasemaje? Baridi ni adui yetu. Na hapa Nairobi, mwezi wa Julai, twavaa sweta mbili huku wengine wakitucheka. Kiu ni adui, homa ni adui, uchovu ni adui. Mmoja wetu, karani, huweka chupa ya maji mezani na kuomba ruhusa kila mara kwenda msalani. Mkubwa wake alimwuliza kama amekuja kazini kunywa maji. Mtoto wa mwenzetu hukaa kando wenzake wakicheza mpira katika mvua, na nyumbani hulia, si kwa maumivu, bali kwa kuwa hakucheza. Tukialikwa arusi, hatujui kama tutakuwa na miguu ya kutufikisha. Tukiahidi, twaahidi kwa hofu.

Na lipo jambo la kutatanisha zaidi. Mwenye maumivu ya miaka mingi hujifunza kuyaficha. Huweza kuzungumza, hata kutabasamu, huku mifupa yake yapasuka. Tufikapo hospitali usiku bila kupiga kelele, twaambiwa twaweza kungoja. Tukilia na kuitaja kwa jina dawa inayotufaa, twaambiwa tumeizoea. Basi mgonjwa afanye lipi ili aaminiwe?

Ndugu zetu, msidhani hakuna tumaini. Watoto hupewa penisilini kuwakinga na maradhi makali, nao hukingwa na malaria. Tena ipo dawa iitwayo haidroksiyurea. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa mahali pamojawapo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Dawa hiyo hutumiwa kwa uangalizi wa daktari na kupimwa damu. Lakini zipo dalili zisizongoja asubuhi: homa, maumivu ya kifua pamoja na kuhema, mtoto kupauka ghafula na tumbo kuvimba upande wa kushoto, au upande mmoja wa mwili kulegea. Hapo kila saa ina thamani.

Ndipo tunapofika kwenye ombi letu. Kanuni ya msaada yasema fedha zitolewe mwanachama akiisha kulazwa na kuleta cheti cha hospitali, au akifiwa. Katika mwaka huu wa taarifa, usiku mmoja, mwenzetu alitafuta nauli ya motokaa kumpeleka mwanawe hospitali. Alijibiwa kwa upole kwamba alete cheti kwanza. Aliondoka alfajiri, kwa matatu ya kwanza. Mtoto alifariki siku ya pili. Jioni ile ile wanachama walichanga, na fedha za sanduku na za gari la kumpeleka nyumbani zilipatikana zote, zikabaki.

Hatusemi kwamba nauli ingemponya. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Wala hatumlaumu aliyejibu, maana alifuata kanuni tuliyoipitisha sisi sote, nasi wenye ugonjwa tulinyanyua mikono pamoja nanyi. Twasema tu kwamba chama chetu kimejifunza kumwamini maiti bila cheti, lakini aliye hai hakimwamini.

Kwa hiyo twaomba itengwe sehemu ndogo ya michango yetu, kwa kiasi ambacho Mweka Hazina ataona chafaa, iwe fedha ya usiku. Mwanachama mwenye ugonjwa wa namna hii, akiisha kuandikishwa kwa Katibu kwa barua ya daktari mara moja tu, apewe nauli kwa neno lake, na hesabu ifanywe baadaye. Akionekana amedanganya, na atozwe. Twakubali adhabu hiyo.

Na kwa kila mwanachama mmoja mmoja twaomba jambo lisilo na gharama: mkituona wazima leo, furahini pamoja nasi, mkisikia kesho tumelala, yaaminini yote mawili.

Bwana Mwenyekiti, twaliweka ombi hili mbele ya mkutano.