Kazi za Kipupwe katika Bustani ya Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wakulima wa nchi za juu za Njombe



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi za bustani wakati huu wa kipupwe, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Twajua ya kuwa mmeacha moto majumbani mkaja kukaa hapa penye upepo, kwa hiyo hatutarefusha mambo kupita kiasi.

Desturi yetu katika nchi hizi ni kuhesabu mwaka kwa mvua. Mvua huanza mwezi wa Novemba, nayo huisha Aprili au Mei. Mahindi yakisha kauka, mtu hujiona amemaliza kazi, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa ni miezi ya kuota moto tu. Ulanzi nao umekwisha pamoja na mvua, basi hata ule udhuru hatunao. Lakini tukitazama sana twaona ya kuwa mboga za kiangazi, pichi zitakazoiva mwisho wa mwaka, na mbolea ya mahindi yajayo, vyote vyaanza katika miezi hii mitatu. Asiyefanya kazi sasa atanunua baadaye, tena kwa bei ya mwenye kuuza.

Zamani kazi ya kiangazi ilikuwa bondeni. Wazee wetu walilima vinyungu, yaani matuta yaliyoinuliwa katika ardhi yenye unyevu, wakapata maharage, mahindi mabichi na mboga wakati vilima vyote vilipokuwa vikavu. Kazi ile ni ya akili, nasi hatuidharau. Walakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za kudumu, na kazi ziwezazo kuharibu kingo za mito na maziwa, ndani ya mita 60 toka ukingoni. Vinyungu vingi vimo ndani ya mita hizo. Wako waliolalamika, wala malalamiko yao si ya bure, maana kinyungu ndicho kilichokuwa ghala yao ya miezi mikavu. Basi, mtu aliyeondoka mtoni atapata wapi mboga? Sisi twajibu ya kuwa atazipata kando ya nyumba yake, na tena ya kuwa huko juu ana faida moja ambayo bondeni hakuwa nayo.

Faida hiyo ni juu ya jalidi, ule umande ulioganda ambao asubuhi huonekana mweupe juu ya majani. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa iliyo karibu nayo hupoa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, basi hutelemka kilimani kama maji, ikatuama bondeni. Ndiyo sababu viazi vya bondeni huungua kwa baridi, na viazi vya jirani aliye mlimani hubaki salama usiku ule ule. Kwa hiyo bustani iliyo kando ya nyumba, mahali penye mtelemko, huepukana na sehemu kubwa ya hatari. Ila mtu asiweke ua mzito upande wa chini wa bustani yake, kwa maana ua ule utaizuia hewa baridi isipite, kama boma lizuiavyo maji. Afungue nafasi, hewa iende zake.

Hata hivyo jalidi haina ahadi na mtu. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulikuwa na kitalu cha nyanya nyuma ya jiko. Miche ile ndiyo tuliyoitegemea kwa chumvi, mafuta ya taa na madaftari ya watoto. Tuliifunika kwa nyasi kila jioni, usiku sita mfululizo, na kila asubuhi tukaifunua. Jioni ya saba kulikuwa na upepo mwingi, tukaambiana ya kuwa penye upepo jalidi haianguki, tukalala. Kusema kweli neno hilo si uongo, lakini upepo ulikoma usiku wa manane, nasi tulikuwa tumelala. Kulipokucha kitalu kilikuwa cheupe, na ilipofika adhuhuri miche yote ilikuwa myeusi na laini kama mboga iliyochemshwa. Hatukuokoa hata mmoja. Tangu siku ile hatuutazami upepo wa jioni, twautazama uwingu. Zikionekana nyota, twafunika.

Kufunika nako kuna namna yake. Nyasi au gunia lisilale juu ya majani, bali lichukuliwe na fito, ili joto la ardhi lipate kukaa chini yake. Lifunuliwe jua likisha kuchomoza, maana mche usioona jua huwa mrefu na mnyonge. Tena iko hila moja ambayo wengi hawaijui. Matandazo ya nyasi kavu ni mema sana kwa kutunza maji, lakini wakati wa jalidi huzuia joto la ardhi lisipande, na mmea uliosimama juu yake hupata baridi zaidi. Kwa hiyo kwa mimea dhaifu, kama nyanya, maharage, maboga na viazi, yafaa kuyasogeza matandazo pembeni siku za baridi kali na kuinywesha ardhi mchana. Ardhi yenye maji hushika joto la jua kuliko ardhi kavu. Mimea iliyokwisha pigwa isikatwe siku ile ile. Ngojeni siku kadhaa mwone ni wapi panapochipua.

Lakini dawa iliyo bora ni kupanda kile kisichoogopa. Kabichi, sukuma wiki, njegere, karoti na vitunguu vyote huvumilia baridi yetu, na kabichi iliyopigwa na baridi kidogo huwa tamu zaidi. Nyanya zingoje Agosti iishe. Atakaye kuzitangulia sokoni na azitangulie, ila ajue anacheza kamari.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo ndiyo shida ya mtu aliyeacha bonde. Kando ya nyumba hakuna chemchemi, kuna ndoo tu, na ndoo ile kwa kawaida yachukuliwa kichwani na mama au binti. Tusilime bustani kubwa kuliko shingo zao. Matuta mawili au matatu yanayonyweshwa vizuri hulisha nyumba kuliko kumi yenye kiu. Maji yaliyooshea vyombo na mboga yasimwagwe uani. Yapelekwe penye mashina, si juu ya majani, wala yasitiwe katika mboga ziliwazo mbichi. Kunywesha kufanyike asubuhi jua likisha panda, ili majani yawe makavu kabla ya usiku, kwa kuwa majani yalalayo na maji huleta ukungu wa viazi na nyanya.

Kazi nyingine ni biwi la mbolea. Mabua, maganda ya maharage na majani makavu sasa yamejaa mashambani, na watu huyatia moto. Sisi twaona ni sawa na kuchoma unga. Kusanyeni mahali penye kivuli: tabaka la mabua yaliyokatwa vipande, tabaka la samadi, majivu kidogo, na maji ya kutosha kulainisha. Biwi liwe na upana na kimo cha mita moja na zaidi, kwa maana biwi dogo halishiki joto katika baridi hii. Chomekeni kijiti kirefu katikati. Baada ya wiki moja kitoeni mkishike: kikiwa na moto, kazi yaendelea, kikiwa cha baridi na kikavu, tieni maji, kikiwa cha baridi na chenye uvundo, maji yamezidi, pindueni biwi lipate hewa. Likipinduliwa mara mbili au tatu, lililoanzwa Julai huwa tayari wakati wa kupanda mahindi.

Wenye mipichi na mitufaha wasipitishe Julai bila kupogoa, wakati miti imepukutika na macho yake hayajavimba. Toeni kwanza matawi makavu na yenye ugonjwa, kisha yale yanayosuguana, na katikati ya mpichi paachwe wazi jua liingie. Angalieni hapa: mpichi huzaa juu ya vijiti vya mwaka uliopita, basi anayevikata vyote hujinyima matunda ya mwaka mzima. Mtufaha ni mwingine. Wenyewe huzaa juu ya vijiti vifupi vinene vinavyodumu miaka mingi, na hivyo visiguswe. Kisu kiwe kikali, na jeraha liwe la mshazari ili maji yasitulie.

Majembe yaondolewe kutu na kupakwa mafuta, na mipini ibadilishwe sasa, si siku ya mvua ya kwanza. Mbegu zijaribiwe: hesabuni kumi, zifungeni katika kitambaa chenye maji, ziwekeni karibu na jiko. Zikiota nane au tisa, ni njema. Zikiota tano, mmeonywa mapema, na muda wa kutafuta nyingine mnao.

Tulikuwa na maneno juu ya kuku na bustani, walakini hayo ni ya siku nyingine, maana twaona jua limekwisha shuka nyuma ya miti, upepo umetulia, na mbinguni hakuna wingu hata moja. Walio na vitalu nyumbani watusamehe kwa kuwachelewesha. Watangulie kwenda, nyasi za kufunikia zikatwe kabla ya giza.