Karoti za Rangi: Tuta la Watoto Nyuma ya Nyumba

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima wa pwani ya Tanga



Leo sisemi habari za minazi wala mihogo. Nataka kusema habari za karoti, ambazo watoto wenu waweza kuzilima nyuma ya nyumba. Najua wengi husema karoti ni mboga ya Lushoto, na pwani haikubali. Ni kweli karoti hupenda baridi. Lakini hata kwetu uko wakati wa ubaridi kidogo, masika yakiisha, tangu Juni mpaka Agosti. Pandeni mwanzo wa Juni. Ukipanda Januari, jua litachoma miche.

Karoti si lazima iwe ya rangi ya machungwa. Zile za kale, zilizolimwa Uajemi na Afghanistan yapata miaka 1,000 iliyopita, zilikuwa za zambarau na za manjano. Ya machungwa ilienea kutoka Uholanzi katika miaka ya 1600. Hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa macho, kwa kuwa mwili huigeuza rangi yake kuwa vitamini A. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini hiyo haoni vizuri giza likiingia. Karoti nyeupe haina faida hiyo, na ya manjano inayo kidogo tu. Basi mtoto akitaka nyeupe kwa ajabu yake, apande, lakini mstari wa machungwa usikosekane. Mbegu za rangi nyingine ni haba madukani. Mkizikosa, anzeni na Chantenay, ambayo ni fupi na nene.

Kwanza angalieni maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na karoti haistahimili chumvi. Onjeni. Maji yasiyofaa kwa chai hayafai kwa karoti.

Udongo wetu wa kichanga ni mzuri, maana mzizi hushuka bila kuzuiwa. Chimbeni shubiri moja na nusu, mwondoe mawe na vifuu, mtie mboji iliyooza sawasawa. Samadi mbichi msitie. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwaachia watoto wa shule moja watie samadi mbichi ya ng'ombe. Majani yalipendeza mno, hata nikawaalika wazazi siku ya kuvuna. Tulipong'oa, kila karoti ilikuwa na miguu miwili au mitatu. Watoto walicheka, mimi sikucheka. Tena msipande palipotoka bamia au nyanya, kwa ajili ya minyoo fundo.

Mbegu ziwe mpya, zipandwe pale pale tutani, kwani mche ukihamishwa mzizi hupinda. Changanyeni na mchanga mkavu, mzifukie kina cha ukucha tu, na mistari iachane shubiri moja. Huchukua siku 10 hadi 14 kuota, na siku hizo tuta lisikauke kabisa. Funikeni kwa makuti, mwagilieni asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa matundu. Mtoto na afunue kuti kila asubuhi atazame. Miche ikichomoza, ondoeni makuti jioni, si mchana.

Sasa nafika pale watoto wanapokataa. Miche ikifika urefu wa kidole, yapasa kung'oa mingine, inayobaki iachane upana wa vidole vitatu. Mtoto aliyemwagilia kila siku atauliza, "Bwana Shamba, zote nzima, kwa nini niziue?" Wako wazazi wanaong'oa wakati mtoto amelala. Msifanye hivyo; asubuhi ataliona tuta na hatalijali tena. Mwachieni shubiri moja ya mstari isiyopunguzwa, aweke kijiti. Siku ya kuvuna atalinganisha mwenyewe. Mwagilieni kabla ya kung'oa, kisha mkandamize udongo kwa vidole.

Karoti ikitokeza kichwa juu, ifukieni, isigeuke kijani. Baada ya siku 75 hadi 100 vuneni. Hazitakolea rangi kama za mlimani, kwa sababu ya joto. Zipikeni kwa mafuta kidogo au tui la nazi, maana bila mafuta vitamini ile haiingii vizuri mwilini. Za zambarau hugeuza rangi ya mchuzi; mama asishtuke.

Haya, tutoke nje. Jembe na kamba viko chini ya mwembe, na kila mtoto aje na kiganja wazi apewe mbegu zake.